Malalamiko Kuhusu Kadi ya Arusi ya Nasma Kupigwa kwa Herufi Zisizolingana Upana

Mwanamina binti Mwinjuma,
Mpiga Chapa wa Barazani,
Mkabala na mashine ya kukoboa mpunga,
KIBITI.

Jumatano, 11 Septemba 1996

Kumb. Na. MM/ARUSI/NASMA/01/96

Katibu,
Kamati ya Arusi ya Nasma na Sadala,
Duka la Ufuta,
IKWIRIRI.

YAH: KUIPINGA KADI YA KARIAKOO

Ndugu Katibu,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, na kama hakijajieleza basi nitakieleza mimi, maana karatasi ninazo na leo wateja hawajaja.

Kwanza tuelewane. Barua hii namwandikia Katibu wa Kamati. Simwandikii Nassibu, ingawa ndiye huyo huyo Katibu, mwana wa marehemu kaka yangu, niliyemfuta makamasi na kumfundisha kufunga vifungo vya shati. Yule Nassibu nitamwambia yake akija kula kwangu Ijumaa, na atayasikia vizuri. Wewe Katibu nakuheshimu. Ndiyo maana nimekuachia pambizo ya vidole vitatu na kila mstari nimeupa nafasi mbili, heshima ambayo hata Bwana Shamba sijawahi kumpa.

Juzi Jumatatu utingo wa basi aliniletea bahasha kutoka kwako. Ndani mna sampuli ya kadi ya mwaliko wa arusi ya Nasma, iliyotengenezwa na bwana mmoja wa Kariakoo mwenye kompyuta. Ukaniandikia kwa kalamu pembeni kwamba Kamati imeipenda kwa kauli moja, na kwamba nisijisumbue tena na kupiga chapa, nipumzike. Nipumzike! Mimi nimekuambia nimechoka?

Ombi langu ni moja tu na nalisema mapema ili usipate tabu ya kulitafuta huko chini. Naomba kadi zote mia mbili za arusi ya Nasma zipigwe chapa hapa barazani kwangu, kwa mashine yangu, kwa vidole vyangu. Sitaki ujira wala soda.

Sababu unaijua, lakini nitaiandika ili iingie kwenye faili. Nasma, dada yako, aliletwa kwangu ana miaka mitano, baba yenu alipofariki. Alilala chini ya meza ya mashine hii akisikia inavyogonga, na ikinyamaza alikuwa anaamka. Herufi N aliijua kwa kuigonga kabla hajajua kuishika kalamu. Sasa anaolewa Salale, huko kwenye mikoko, mahali ambapo mtu haendi ila kwa boti, na mimi na boti unajua tusivyopatana. Binti anaondoka, nami niambiwe hata jina lake nisiliandike, liandikwe na mtu wa Kariakoo asiyejua kama ni mweupe au mweusi? Aka! Sikubali.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu, kwa namba.

1. Kadi haisomeki. Herufi zake zina mikia, zina visigino, zina vipembe, na nyingine zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. N ya Nasma imeanza kujizungusha kutoka kona ya kushoto, ikapita juu ya ua, ikaenda kusalimiana na S ya Sadala upande wa pili. Nilimpa jirani yangu Bi Mashavu aitazame. Aliigeuza juu chini mara mbili, akadhani ni Kiarabu, akaipandisha kichwani kwa adabu na kuitikia amin. Nilipomwambia ni mwaliko wa pilau alinilaumu kwa kuchelewa kumwambia.

Sasa linganisha na herufi za mashine yangu. Hazina mikia. Hazina visigino. Zimesimama wima, zimekata kona na kunyamaza. Herufi haikuumbwa icheze ngoma. Imeumbwa isomwe, na akishamaliza kuisoma mtu aendelee na shughuli zake.

2. Upana. Hapa ndipo penye uchungu wangu, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Katika mashine yangu, Ndugu Katibu, kila herufi imepewa kiwanja kimoja, upana uleule, hakiongezwi wala hakipunguzwi. M ni mnene, unene wake unajulikana na sote, lakini akiingia kwangu anabana miguu na kukaa sawa na wenzake. Herufi i kwa asili ni kijiti tu. Aliyeichonga mashine hii alikuwa mtu wa haki: akamtia i kofia na kumpanua miguu chini ili ajaze kiwanja chake asionekane yatima. (Najua utasema hiyo miguu ndiyo visigino nilivyovikataa hapo juu. Si visigino. Ule ni msaada maalumu kwa asiyejiweza.) Hata nukta, ambayo si chochote si lolote, imepewa kiwanja kamili sawa na M. Nitajie serikali moja iliyowahi kugawa ardhi namna hiyo.

Kwenye kadi ya Kariakoo, M amejitanua kama mgeni aliyekuja na godoro lake, na i amebanwa ubavuni mwa ukuta hata pumzi hapati. Ndani ya jina la Nasma peke yake, m amekula nafasi ya a wawili. Nilipima kwa uzi.

Utaniambia ndiyo soko huria, Shangazi, kila herufi ichukue kwa uwezo wake. Haya. Soko huria limetuletea mitumba, nikavaa. Limetuletea sabuni za kila rangi, nikaoga. Limeifunga ofisi ya mazao niliyoitumikia miaka kumi na tisa, na mimi nikapunguzwa kazi pamoja na wenzangu kumi na wanne. Barua za kutupunguza nilizipiga chapa mwenyewe, zote kumi na tano, ya kwangu ikiwa ya mwisho, na hakuna hata moja yenye kosa. Wakanipa mashine hii iwe ahsante, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuibeba. Sikunung'unika. Lakini soko huria likishaingia ndani ya jina la mwanangu na kuwabana a wake wawili, hapo nasema limenizidi.

3. Unene. Kadi ya Kariakoo ina herufi nyembamba kama nywele. Za kwangu ni nene, na unene wake una historia. Mashine hii ililetwa kwa kazi ya vibandiko vya magunia, ili kuli mwenye gunia kichwani asome akiwa anatembea, jua likimpiga usoni, na mwenziwe anamsukuma nyuma. Sifuri yake ina mstari tumboni ili mtu asiichanganye na herufi O. Ukigonga kwa nguvu unapata nakala sita kwa kaboni, na ya sita bado inamwogopesha mdaiwa.

Unazijua kazi zake mji mzima. Matangazo ya mbuzi waliopotea, mimi. Orodha ya zamu za kufagia msikiti, mimi. Lile tangazo la nyumba ya wageni pale Ikwiriri linalosema USITEME MATE UKUTANI, mimi, na ukuta ule mpaka leo ni msafi kuliko ukuta wa Kamati yenu. Mwaka juzi gunia la mbegu lilitumbukia majini likipelekwa Salale, likakaa siku mbili. Lilipoopolewa mbegu zilikuwa zimekwisha kuota ndani, gunia lenyewe linanuka, lakini kibandiko changu cha MBEGU ZA MPUNGA – USILE kilisomeka herufi kwa herufi. Hebu itumbukize kadi ya Kariakoo kwenye bakuli la maji uone. Mimi nimeshaitumbukiza pembe moja. Ua limeondoka.

4. Jedwali la maji. Hapa, Ndugu Katibu, ndipo penye hatari, na naomba usome ukiwa umekaa.

Upande wa bwana arusi wote wanatoka kwenye visiwa vya delta. Wao hawasafiri kwa saa ya ukutani, wanasafiri kwa maji. Maji yakijaa, boti inapita kwenye vijito hadi Nyamisati, na kutoka pale wanapanda gari kuja Kibiti. Maji yakitoka, boti inakaa juu ya tope na waliomo wanakaa ndani ya boti. Hivyo kadi ya watu wa delta bila saa za maji ni nusu ya kadi. Nilikwenda kumuuliza nahodha mmoja pale Nyamisati, tangu siku ile ile Kamati ilipotaja tarehe ya kwanza, kabla hamjaisogeza mbele kwa wiki moja kwa sababu ya ufuta wako. Akanipa saa zote, nikazipanga hivi:

MBWERA . . . . KUONDOKA SAA 4:30 ASUBUHI
SALALE . . . . KUONDOKA SAA 4:00 ASUBUHI
KIASI. . . . . KUONDOKA SAA 4:15 ASUBUHI

Tazama zilivyosimama! Saa chini ya saa, nukta chini ya nukta, kama watu waliopanga safu kuswali. Hii ndiyo faida ya upana mmoja. Mtu akiweka kidole kwenye SALALE na kukivuta kwenda kulia, kinafika kwenye saa ya Salale, hakipotei njiani.

Nilikuomba jedwali hili liwekwe kwenye kadi. Bwana wa Kariakoo akaliweka kwa herufi zake zisizolingana, na safu zikateleza. Saa ya Mbwera imeshuka ikaketi karibu na Salale, ya Salale imekimbilia Kiasi, na ya Kiasi imeangukia kwenye ua. Kisha, kwa maandishi yako mwenyewe, ukasema jedwali linaharibu urembo, bora liondolewe, na mahali pake paandikwe: Nyote mnakaribishwa.

Nyote mnakaribishwa kwenye tope, au wapi? Hebu ione siku yenyewe. Nasma yuko ndani, hina imekauka, kasukwa, kafukizwa udi. Imamu ametazama saa mara tatu. Pilau imefunuliwa ikafunikwa, imefunuliwa ikafunikwa. Na Sadala, bwana arusi, na kanzu yake nyeupe, amesimama katikati ya kijito, tope limemfika magotini, viatu kavishika mkononi, anangoja bahari irudi. Na yote hayo kwa nini? Kwa sababu herufi i imekonda! Ndoa ngapi zitavunjika kwa mtindo huu, Ndugu Katibu, na nani atazipigia chapa talaka zake?

5. Kwa kuwa nimeanza, nitamaliza. Haki ya upana mmoja isiishie kwenye kadi. Naomba Kamati iamue kwamba wageni nao wakae kwa utaratibu wa mashine yangu: kila mgeni shubiri mbili na nusu za mkeka, asizidi wala asipungue. Mwenyekiti wenu, Mzee Mwinyimvua, ni M wa hakika. Arusi ya mwaka jana alijitandaza peke yake mahali pa wanaume watatu, na fundi Seleman, ambaye ni i asiye na kofia, alikula pilau amesimama mlangoni. Mwaka huu Mzee abane miguu. Seleman apanue yake. Kama itabidi tumwekee mto huku na huku ili ajaze kiwanja, mito ninayo.

6. Vigelegele. Bi Mashavu akianza kigelegele chake huwa anakichukua kutoka arusini mpaka matangani, na kinamama wengine wanakaa wamefumbua midomo wakingoja zamu. Hiyo ni herufi moja kuila sentensi nzima. Napendekeza kila mama apige kigelegele cha upana mmoja, nami nitasimama pembeni na kengele ya mashine yangu, ile inayolia mwisho wa mstari. Ikilia, mama ananyamaza na anayefuata anaanza. Hali kadhalika machozi. Upande wa bibi arusi wenye haja ya kulia wapangwe safu.

7. Mlango. Unajua kwa desturi yetu kwamba bwana arusi akija kuingia kwa mkewe, mlango wa chumba unashikwa na kinamama wa upande wa mwanamke, na haufunguliwi mpaka waridhike. Mwaka huu anayeushika ni mimi. Wengine hudai kanga, wengine hudai marashi. Mimi nitadai karatasi. Sadala atapitisha kadi yake chini ya mlango, nami nitaipima kwa uzi. Nikikuta a kabanwa na m katanuka, mlango haufunguki, na asimame hapo hapo mpaka Kamati iitishe mkutano mwingine. Akipenda aimbe. Najua utasema hilo ni kumwadhibu asiye na kosa. Na mimi nani aliyeniuliza kosa langu?

Samahani, hapo niligonga kwa hasira na karatasi imetoboka kwenye nukta. Endelea kusoma mstari unaofuata.

Nimeshapanga kazi. Kadi saba kwa asubuhi, saba kwa alasiri, tukitoa Ijumaa na siku ya gulio. Tutamaliza kadi mia mbili bila wasiwasi wiki moja baada ya arusi. Hilo najua linaleta swali, lakini linatatulika: ama Kamati isogeze tena arusi, kwa kuwa mmeshazoea kuisogeza, ama tualike watu wachache. Nimepitia orodha ya waalikwa na nimekuta majina arobaini ya watu ambao hata mimi siwasalimii.

Ndugu Katibu, nisije nikaonekana mkorofi. Mimi sina ugomvi na kompyuta. Nimeambiwa zinaweza kupiga hesabu, na ni jambo jema. Wala sina ugomvi na Kariakoo. Ninachosema ni hiki. Mtoto huyu nilipomchukua sikuwa na kitu cha kumpa ila kazi hii, herufi hizi nene, kila moja kwenye kiwanja chake. Ndizo zilizomlisha. Ndizo zilizomnunulia sare. Akitoka nyumbani kwangu bila hizo, nitakuwa nimekaa upande gani wa arusi yake? Nitakuwa mgeni kama wageni wengine, na mimi si mgeni. Nimeona nikuambie wazi, maana mambo haya ukiyaweka moyoni yanakunyima usingizi.

Nategemea Kamati italitazama suala hili kwa jicho la huruma kwenye kikao cha Jumamosi, na nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi, yasiyo na mikia.

Wasalimie wote wa Ikwiriri: mkeo na wanao (mwambie mdogo nimemwekea visheti), Mzee Mwinyimvua (ila kipengele cha tano msimsomee), wapakiaji wote wa ufuta, na yule utingo aliyeniletea bahasha, ambaye aliniamkia vizuri kuliko watu wa Kamati. Huku Bi Mashavu anawasalimu na anauliza pilau ni ya nyama au ya kuku. Nasma anasalimu pia. Hajui ninaandika nini, anadhani ni barua ya mbuzi aliyepotea.

Wako katika ujenzi wa ndoa,

Mwanamina binti Mwinjuma
Shangazi na Mpiga Chapa

Nakala:
Mwenyekiti wa Kamati (bila kipengele cha 5)
Bwana arusi, Salale
Imamu
Mpishi wa pilau
Faili

Nyongeza ya barua. Alhamisi, 12 Septemba, saa saba mchana.

Ndugu Katibu, basi la jana liliharibika, kwa hiyo barua bado iko mezani na nimepata nafasi ya kuongeza machache.

Leo asubuhi nimepata mgeni. Bi Zamda, mama yake Sadala, amekuja kutoka Salale na kikapu cha kamba wabichi, kumtazama mkwewe. Nikamkaribisha barazani, nikampa chai, na kwa kuwa nilikuwa na joto la barua hii nikamtolea lile jedwali. Bi Zamda hajui kusoma, akamwomba Nasma amsomee. Nasma akasoma kwa sauti: Salale, kuondoka saa nne asubuhi.

Loh! Mama yule alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniuliza nani kaniambia. Nikamtaja nahodha. Akaniuliza aliniambia kwa tarehe ipi. Nikasema kwa tarehe ishirini na moja, ya kwanza. Akasema tarehe ishirini na moja nahodha alisema kweli, siku hizo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na saa nne maji yanakuwa yamejaa. Lakini tarehe ishirini na nane mwezi unakuwa mpevu, ni bamvua, maji hujaa sana alfajiri kisha yakatoka yote, na saa nne asubuhi kijito cha Salale hakina maji, kuku wanachakura ndani yake. Arusi mmeisogeza wiki moja, mimi nikasogeza tarehe, na maji nikayaacha palepale.

Maana yake ni kwamba wote wangekwama, si wa Salale tu. Wa Salale, wa Mbwera, wa Kiasi, na Sadala na kanzu yake. Na wasingekwama kwa kuteleza kwa safu. Wangekwama kwa sababu niliyoyaandika yanasomeka vizuri mno.

Nikamwomba radhi. Akasema nisijali, hakuna ambaye angelifuata. Ati watu wa delta hawajawahi kuambiwa saa za maji na mtu wa Kibiti, wanatazama mwezi wenyewe, na tena huko kwao haendi mtu arusini siku ya arusi. Watakuja Ijumaa kwa maji ya alfajiri, boti mbili, watu wapatao arobaini, wote watalala kwangu. Kadi au bila kadi. Habari wanayo tangu mwezi wa Sita.

Kisha akataka kuonyeshwa jina la mkwewe lilivyoandikwa. Jedwali langu halina jina la Nasma, kwa hiyo sikuwa na la kumwonyesha ila ile sampuli yenu, yenye pembe iliyolowa. Akaweka kidole mwanzo wa N, akaufuata ule mkia polepole, ukapita pale lilipokuwa lile ua, ukafika kwa Sadala, kama mtu anayekagua ukili wa mkeka kabla hajaushona. Akasema aliyeliandika hivi alitaka lipendwe. Nasma akainama. Na mimi, Ndugu Katibu, nikalitazama tena. Ni zuri. Nimelitazama tangu asubuhi hata kazi sijafanya.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi namba saba nayafuta. Chapisheni kadi zenu za Kariakoo, zote mia mbili. Jedwali msiliweke. Kamati isipoteze muda kwenye kikao, mjadili mahali pa kulaza watu arobaini.

Ila naomba moja iongezwe, iwe mia mbili na moja. Miaka yote hii nimepiga chapa mialiko ya watu wa mji huu, na mimi sijawahi kupewa wa kwangu. Hakuna anayekumbuka, kila mtu anaona habari ninayo kwa sababu nimeipiga mwenyewe. Hii sikuipiga mimi. Basi niandikieni jina langu humo, kwa mikia yote, na kadi mumpe Nasma ailete. Apige hodi barazani kama mgeni, na mimi nitajifanya sijui kaja kwa ajili ya nini.